Kamera Mikononi mwa Wananchi



Mwaka 1973 serikali ya kimapinduzi ya Peru, iliyokuwa ikiongozwa na Jenerali Juan Velasco Alvarado, ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga iliyojulikana kwa kifupi cha ALFIN. Kazi ilikuwa nzito. Mamilioni ya watu walikuwa hawajui kusoma wala kuandika, na wengi wao lugha yao ya mama haikuwa Kihispania bali Kiketchua, Kiaymara au lugha nyingine za wenyeji. Waelimishaji wa kampeni hiyo walikubaliana kwamba maandishi ni lugha mojawapo tu miongoni mwa lugha nyingi anazoweza kuzitumia binadamu. Kwa hiyo katika vitongoji vya wanyonge pembezoni mwa jiji la Lima waligawa kamera, wakauliza maswali mepesi, na wakawataka wananchi wayajibu kwa picha badala ya maneno.

Swali mojawapo lilikuwa hili: unaishi wapi? Wengi walileta picha za vibanda vyao, za ndani na za nje. Lakini mtu mmoja alileta picha ya uso wa mtoto. Wenzake walidhani hakuelewa swali, kwa kuwa aliulizwa habari za makazi wala si habari za mtoto. Akawaomba waitazame picha vizuri. Usoni mwa mtoto mlikuwa na damu. Kitongoji chao kilikuwa kando ya mto Rimac, na kingo za mto huo zilijaa panya. Zamani watoto walilindwa na mbwa wakati wazazi wao walipokwenda kazini. Kisha ukazuka ugonjwa wa upele wa mbwa, na watumishi wa jiji wakapita wakiwakamata mbwa na kuwachukua. Mtoto yule akabaki peke yake, na panya wakamtafuna pua akiwa usingizini. Mpiga picha akaeleza kwamba huko ndiko anakoishi, yaani mahali ambapo mambo kama hayo hutokea.

Kisa hiki kimesimuliwa na Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil aliyeshiriki katika kampeni hiyo. Kinafaa kutazamwa kwa makini na kila mtu anayekalia kiti cha ofisi ya umma, kwa sababu ndani yake hamna mtumishi mwovu. Aliyetoa amri ya kukamata mbwa alikuwa na hoja: upele ni ugonjwa, na mbwa wagonjwa ni hatari. Waliotekeleza amri walitimiza wajibu wao. Yumkini taarifa iliandikwa, ikapelekwa panapohusika, na jalada likafungwa kwa maneno kwamba kazi imekamilika. Jalada hilo halikuwa na panya, wala halikuwa na mtoto anayeshinda peke yake. Mambo hayo aliyajua jirani, na jirani hakuwa na njia ya kuyafikisha mezani hadi alipopewa kamera.

Swali jingine lilihusu unyonyaji. Waulizwaji walileta picha za mwenye duka, za mwenye nyumba anayepokea kodi, za ofisa wa serikali. Mtoto mmoja akaleta picha ya msumari uliogongomewa ukutani. Watu wazima wachache walimwelewa, bali watoto wenzake wote walimuunga mkono papo hapo. Wavulana wa vitongoji hivyo walikuwa wakianza kupiga kiwi viatu tangu wakiwa na umri wa miaka mitano au sita. Kwao hakukuwa na viatu vya kupiga kiwi. Viatu vilikuwa katikati ya jiji. Kisanduku cha kazi ni kizito, na mtoto hawezi kukibeba kwenda na kurudi kila siku. Basi ilimpasa apange msumari katika ukuta wa duka la mtu, akitundike kisanduku chake hadi asubuhi, na kila usiku alipie msumari huo. Hakuna mtaalamu wa uchumi ambaye angeuandika msumari katika orodha ya nyenzo za unyonyaji, ila mtoto aliyekuwa akiulipia.

Wazo lililozaa kazi hiyo ni la Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyepata kufukuzwa nchini mwake baada ya wanajeshi kupindua serikali mwaka 1964. Freire alikuwa akitumia michoro na picha za maisha ya kila siku ili watu wazima wajadili hali yao kwanza, na herufi zifuate. Tanzania si mgeni wa fikra hizo. Freire mwenyewe alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuzungumza na wataalamu wa elimu ya watu wazima, na katika miaka hiyo hiyo ndipo utafiti wa kushirikisha wananchi ulipopata mizizi hapa nchini. Mradi wa Jipemoyo, uliofanyika wilayani Bagamoyo kuanzia 1975 hadi 1979 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, na ambao Marja-Liisa Swantz alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulisimama juu ya msingi kwamba mwanakijiji si kitu cha kuchunguzwa bali ni mchunguzi mwenza. Wakati nchi nyingine zinaifundisha dhana hiyo kama jambo jipya, inafaa walimu wa hapa wafahamu kwamba sehemu ya chimbuko lake iko Bagamoyo.

Ila kamera, kwa historia yake katika mwambao huu, haikuja kama chombo cha mnyonge. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar zilikuwa zikitoa kadi za posta zenye sura za wachukuzi, wanawake wa mjini na watumwa wa jana, na nyingi ziliuzwa kwa wasafiri bila jina la mtu aliyepigwa picha. Chini ya picha iliandikwa aina ya mtu, kama vile inavyoandikwa aina ya ndege. Mtu huyo hakuchagua asimame vipi, hakujua picha inakwenda wapi, wala hakupata nakala. Desturi hiyo haikuisha pamoja na ukoloni. Hata leo picha ya mtoto mwenye nzi usoni hupigwa na mgeni, husafiri mbali, na hukusanya fedha ambazo mama wa mtoto huyo hataambiwa ni kiasi gani.

Mfano ulio kamili kuliko yote wa kuigeuza desturi hiyo ulitokea China, katika jimbo la Yunnan. Mwaka 1992 wataalamu wawili, Caroline Wang na Mary Ann Burris, walianza kazi katika wilaya za Chengjiang na Luliang, chini ya mpango wa afya ya uzazi wa wanawake uliogharimiwa na Ford Foundation. (Burris ndiye ambaye baadaye alianzisha Nairobi taasisi ya TICAH, inayoshughulikia afya na utamaduni wa asili.) Walichagua wanawake wa vijijini 62. Walikuwa wakulima, na wengi hawakuwahi kushika kamera maishani mwao. Walifundishwa namna ya kuitumia, wakaachwa wapige picha za maisha yao ya kila siku na ya majirani zao kwa muda wa mwaka mzima. Mwanzoni mbinu hiyo iliitwa fotonovela, kisha ikapewa jina la Photovoice, na kwa Kiswahili inatosha kuiita sauti ya picha.

Kupiga picha ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Uzito wote ulikuwa katika vikao. Kila mwanamke alichagua picha alizoona zina maana, akazileta mbele ya wenzake na kuzieleza. Kikundi kikaulizana: Tunaona nini hapa? Ni jambo gani hasa linalotendeka? Linahusianaje na maisha yetu? Kwa nini hali hii ipo? Tunaweza kufanya nini? Mwalimu yeyote aliyepata kuongoza darasa la kisomo atatambua mara moja kwamba maswali haya yamepangwa kama ngazi. Anayeanza na swali la mwisho huishia kupata orodha ya maombi, na anayeishia swali la kwanza hupata maonyesho ya picha nzuri.

Picha mojawapo ilionyesha mama akipalilia mahindi, na mtoto wake mchanga amelala peke yake pembeni mwa shamba. Mgeni akiiona picha hiyo anaweza kusifu utulivu wa mashambani, au anaweza kumlaumu mama kwa uzembe. Wanawake wa Yunnan hawakufanya lolote kati ya hayo mawili. Waliona palizi isiyosubiri, kazi za nyumbani ambazo hazina mtu mwingine wa kuzifanya, na watoto wanaopata ajali kwa sababu hakuna jicho la mtu mzima. Kwao lile lilikuwa tatizo la mpangilio wa kazi na wala si tabia mbaya ya mama fulani. Tofauti hiyo ya tafsiri ndiyo thamani yote ya mbinu hii. Picha ile ile, bila maneno ya aliyeipiga, ingeweza kutumiwa kumpinga yeye mwenyewe.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba wenye madaraka hawakuitwa mwishoni ili kukata utepe. Tangu mwanzo viongozi wa serikali, wa afya na wa Shirikisho la Wanawake la China walihusishwa, nao wakajua kwamba siku itafika watakapokaa kitako na kusikiliza. Siku hiyo ilipofika, picha zikaonyeshwa na wenyewe wakazisemea. Kwa maelezo ya Wang na wenzake, kazi hiyo ilichangia maamuzi ya kuanzisha malezi ya mchana kwa watoto ambao wazazi wao wako mashambani, mafunzo ya wakunga, na misaada ya masomo kwa wasichana wa vijijini. Haikuleta mapinduzi. Ilileta mambo matatu ambayo hayakuwa yamepewa nafasi katika mpango.

Hapa inafaa kukumbuka kampeni kubwa za elimu zilizofanyika Tanzania. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, nao wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba zao na kufukia madimbwi. Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Ni nchi chache zilizowahi kufanya kazi ya kiwango hicho, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina haki ya kujivunia. Lakini ujumbe ulitoka Dar es Salaam ukaenda vijijini. Kikundi kilisikiliza, kikajadili, kikatekeleza. Njia ya kurudi, ya kupeleka juu yale ambayo kijiji kimeyaona na redio haikuyasema, ilikuwa nyembamba. Mwongozo wa mwaka 1971 ulikwisha onya kwamba si sahihi viongozi na wataalamu wapange peke yao, halafu wananchi waitwe kutekeleza. Onyo hilo lilikuwa rahisi kulikariri kuliko kulifuata.

Njia ya kurudi ilijaribiwa baadaye katika mwambao wa kusini. Katika miaka ya 1990 mpango wa maendeleo ya vijijini wa RIPS, uliosaidiwa na Finland katika mikoa ya Mtwara na Lindi, ulitumia video pamoja na wanavijiji wenyewe. Wavuvi walisimama mbele ya kamera wakaeleza madhara ya uvuvi wa baruti: matumbawe yaliyovunjika na samaki wanaoondoka. Mkanda wa kijiji kimoja ukaonyeshwa katika kijiji kingine na mbele ya watendaji wa serikali. Mvuvi ambaye angeandika barua pengine asingejibiwa. Aliyesema usoni mwa kamera, ufukweni mwake, nyuma yake bahari, ilikuwa vigumu kumwambia kwamba suala lake linashughulikiwa.

Ndugu walimu na watumishi, haya yote hayafanyiki bila hatari, na ni udanganyifu kumpa mtu kamera bila kumweleza hatari hizo. Kule Peru, baada ya ALFIN, kuliundwa mwaka 1986 warsha za upigaji picha za kijamii zilizoitwa TAFOS, zilizoanzia Ocongate katika eneo la Cusco. Wakulima, wachimba madini na wakazi wa vitongoji duni walijipigia picha za maandamano, sikukuu, mazishi na kazi zao, hadi warsha hizo zilipofungwa mwaka 1998. Hiyo ilikuwa ni miaka ya vita kati ya jeshi na waasi wa Sendero Luminoso, ambapo mkulima mwenye kamera aliweza kushukiwa na pande zote mbili. Hazina ya picha zao imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lima. Wanaozitazama leo hawana budi kukumbuka kwamba kubonyeza kitufe mahali pale na wakati ule kulihitaji ujasiri.

Hatari nyingine haina bunduki, lakini ni ya kila siku. Mwanamke anapopiga picha ya foleni ya zahanati, anapiga pia sura za wagonjwa. Kijana anapopiga picha ya jengo la shule lililopasuka ukuta, anamgusa mkandarasi, na mkandarasi ana marafiki. Wang na mwenzake, baada ya kazi kama hiyo katika mji wa Flint huko Marekani, walichapisha mwaka 2001 mwongozo wa maadili unaotaka ridhaa ya namna tatu: ya mpiga picha kushiriki, ya mtu kupigwa picha, na ya picha kutangazwa. Ridhaa ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mtu anaweza kukubali kupigwa picha na jirani yake asikubali kubandikwa ukutani wilayani. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kusimama mlangoni mwa kila nyumba. Adabu ya kuomba ruhusa ndiyo inayotangulia.

Ipo pia hatari ya msaidizi kumfunika anayesaidiwa. Filamu iliyohusu watoto wa wanawake wanaouza miili yao huko Kolkata, India, ambao walifundishwa kupiga picha na Zana Briski, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2005. Picha za watoto zilikuwa nzuri na ziliuzwa kwa ajili ya elimu yao. Hata hivyo wakosoaji wa India walilalamika kwamba filamu iliwaonyesha mama zao kama watu wasiojiweza, hali wanawake hao walikuwa na chama chao wenyewe kilichopigania afya na haki zao kwa miaka mingi. Malalamiko hayo ni ya haki. Aliyegawa kamera akibaki ndiye shujaa wa habari, basi kamera haijagawiwa bado.

Kwa walimu liko jambo la karibu zaidi. Mwaka 1975 Mmarekani Wendy Ewald alianza kuwafundisha watoto wa eneo la migodi ya makaa ya mawe huko Kentucky kupiga picha na kuandika juu ya familia zao na ndoto zao. Kazi yake ilizaa mbinu ya kufundisha kusoma na kuandika kwa njia ya picha, iliyolelewa katika Chuo Kikuu cha Duke, na mbinu hiyo imefika Arusha, ambako walimu wa shule za msingi wameitumia katika madarasa yenye wanafunzi wengi na vitabu vichache. Mtoto anayeshindwa kuandika mistari mitatu juu ya kichwa cha habari alichopewa na mwalimu, huandika ukurasa juu ya picha aliyoipanga mwenyewe. Tena huuliza maneno asiyoyajua, kwa sababu anayahitaji.

Katika siku za Yunnan gharama ilikuwa kikwazo. Kamera zilinunuliwa, mikanda ya filamu ilihesabiwa, na picha zilisubiri kusafishwa mjini. Leo simu yenye kamera imo mfukoni mwa mwendesha bodaboda na katika pochi ya mama lishe, na picha hupigwa kwa wingi kuliko wakati wowote. Lakini wingi huo haujaleta sauti ya picha. Picha ya daraja lililokatika huzungushwa kwenye simu kwa siku mbili, watu hucheka au hukasirika, halafu huja nyingine. Kinachokosekana ni kile kikao cha wanawake wa Yunnan, pamoja na kiti cha kiongozi anayejua kwamba atakuja kusikiliza.

Kiti hicho kinaweza kupatikana bila wizara mpya wala bajeti ya mfadhili. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeupa madaraka yake. Utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo umekwisha tumika katika vijiji vingi kupanga mipango, ingawa mara nyingi karatasi za ukutani huandikwa na wachache wenye kalamu, na wenye kalamu aghalabu ni wanaume waliokwenda shule. Afisa mtendaji anaweza kuomba vikundi vinne au vitano, vya wazee, vya kina mama, vya vijana, vya wenye ulemavu, kila kimoja kilete picha kumi kabla ya mkutano wa mipango. Mwalimu wa shule ya kijiji anaweza kuongoza yale maswali matano. Picha zikachapwa, hata kwa karatasi ya kawaida, na chini ya kila moja yakaandikwa maneno ya aliyeipiga kama alivyoyasema, bila kusahihishwa yawe Kiswahili cha ofisini.

Yapo masharti machache ambayo mtumishi anapaswa kuyakubali kabla ya kuanza. Asichague yeye picha zipi zionekane. Asiwatangulie wanakikundi kueleza. Picha inayoonyesha upungufu wa ofisi yake isiondolewe ukutani siku anapotembelea mkuu wa wilaya. Na jambo ambalo haliwezekani mwaka huu lisemwe kwamba haliwezekani, na kwa sababu gani, siku ile ile na mbele ya mtu yule yule aliyeleta picha. Nakala moja ibaki kwake, nyingine kwa aliyepigwa picha ikiwa yumo mtu, na ya tatu iwekwe katika jalada la mpango wa kijiji, pamoja na jina la mpiga picha na tarehe, ili mtendaji atakayehamishiwa hapo mwakani asianze upya kuuliza watu wanaishi wapi.